Bebiwoka yangu na daftari la wese

Niseme ukweli tu, mi sikuwahi kuipenda Vitz. Nilikuwa mmoja wa wale wanaokaa kwenye foleni ya Ubungo, wakikiona kigari kinapenya pembeni wanasema haya, bebiwoka imepita, mtoto anajifunza kutembea. Mi mwenyewe nilikuwa na Mark II, GX110, ile ya injini ya 1G silinda 6, niliinunua kwa kaka yangu milioni 9 kwa mafungu matatu. Viti vya velveti, ukifunga mlango inalia pu, kelele za nje zote zinabaki nje. Mafundi wa pazia wakija dukani kwangu Kariakoo wakiiona imepaki wananiita bosi.

Afu ikaja Agosti 2022. Mnaokumbuka mnakumbuka, EWURA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta, kama kawaida yao Jumatano ya kwanza ya mwezi wametoa bei kikomo, petroli Dar lita moja 3,410. Serikali ilikuwa tayari inatoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi toka Juni na bado imefika hapo. Mwezi ule mafuta peke yake yalinila karibu laki 5. Na hapo nilikuwa sitembei kila siku, siku nyingine naacha gari nyumbani Kibamba napanda daladala mpaka Kimara, nadandia mwendokasi nasimama mpaka Gerezani nimebanwa kama dagaa. Yaani nina gari, nalipia bima, naosha Jumapili, na bado nabanwa kwenye mwendokasi kwa sababu nikiwasha gari roho inaniuma.

Nikanunua daftari. Si utani, daftari la kurasa 48, nikaanza kuandika kila lita. Na hapa niwaambie kitu kimoja ambacho wengi tunakosea, mshale wa mafuta haukuambii kitu. Kusema "nimeweka elfu 50 imeisha Alhamisi" nako hakukuambii kitu. Unajaza mpaka pampu ijikate yenyewe, unarudisha trip, kile kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi, sifuri, unatembea mambo yako wiki nzima, unarudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, unajaza tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia ndo ulizotumia. Unachukua kilomita unagawa kwa lita, basi. Fanya mara tatu, mara moja inadanganya.

Mark II yangu ikatoa kilomita 7 kwa lita. Nikasema haiwezekani, nikarudia. 6.8. Nikabadilisha plagi, nikasafisha nozeli, ikaja 7.2. Kwa injini ya cc 2,000 inayosimama dakika 40 Kimara mpaka Ubungo imewasha AC, hata sio ugonjwa, ndo ilivyo.

Baba watoto yuko Dodoma kikazi, nikampigia nikamwambia nataka gari ndogo. Akacheka kwanza. Afu akasema kanunue lakini usije kunililia kwamba haina nguvu.

Sa ngoja niwape ile hesabu niliyoipiga siku hiyo usiku, maana ndo hesabu ambayo kila mtu anaipiga na ndo inayowaingiza watu mjini. Kwa mwezi natembea kama kilomita 1,000. Kwa kilomita 7 kwa lita, hiyo ni lita 143. Vitz ya cc 1,000 kwenye foleni hiihii nikawa naambiwa inafika 14, kwahiyo lita 71. Nikiweka lita moja 2,900 ili hesabu iwe nyepesi, Mark II inakula laki 4 na kumi na kitu, Vitz inakula laki 2 na elfu 7. Nabakiza laki 2 na elfu 7 kila mwezi! Kwa mwaka milioni 2 na laki 4 na chenji. Nikalala usingizi mtamu sana.

Asubuhi nikaanza kutafuta, na ndo nikakutana na kitu ambacho daftari langu halikuwa nacho. Wese likipanda, si mimi peke yangu ninayepiga hesabu usiku. Jiji zima linapiga. Kwahiyo kila mwenye silinda 6 anauza na kila mtu anatafuta Vitz, Passo na IST. Mark II yangu ya milioni 9, dalali wa kwanza akanitajia milioni 5 na nusu hata hajashuka kwenye bodaboda. Vitz ambazo mwaka mmoja nyuma watu walikuwa wanaachia kwa milioni 6, sa hivi mtu anakwambia 7 na nusu na anakata simu ukiomba apunguze. Unaumia ukiuza, unaumia ukinunua. Ukitaka kubadili gari kwa ajili ya mafuta, ubadili mafuta yakiwa bei chini, wakati ambao hakuna mwenye akili anafikiria kubadili gari.

Niliwaza kuagiza Japani. Kodi ya gari ndogo ina nafuu yake, injini isiyozidi cc 1,000 ushuru wa bidhaa ulikuwa sifuri, ukivuka hapo mpaka 2,000 asilimia 5, zaidi ya 2,000 asilimia 10. Ndo maana hivi vya cc 996 vimejaa mjini, sio mapenzi. Lakini kuna ile ya uchakavu, gari ikizidi miaka 8 unaongezwa asilimia 15, ikizidi 10 ni 30, na Vitz ambazo mfuko wangu unaziweza zote zilishapita huko. Bado ushuru mwingine, VAT, bandari, wakala. Nikaachana nayo, nikaingia kwa madalali.

Jamani madalali. Kila gari "ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini", kila injini "haijaguswa", kila AC "inapuliza mpaka unavaa sweta". Ya kwanza nilienda kuiona Tabata, rangi inang'aa kama sahani ya send-off, nikafungua kifuniko cha oili, kwa chini kuna utelezi wa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni maji yamekutana na oili, gasketi ya hedi imekufa au hedi yenyewe imepinda, maana ilichemka. Nikafunga nikasema asante kaka. Dalali akaniambia mama angu hiyo ni kawaida ya hizi injini. Sio kawaida.

Ya pili Sinza, namba D, safi. Nikamwomba mwenye gari afungue buti, nikanyanyua zulia, nikatoa tairi la spea. Watu wanaangalia boneti wanasahau huku. Lile shimo la tairi la spea bati lake linatakiwa liwe duara safi, hili lilikuwa na mikunjo kama khanga iliyotoka kukamuliwa, na pembeni wamepaka ile lami nyeusi kuficha. Ilishagongwa nyuma, tena vizuri. Nikaondoka.

Ya tatu ndo nikanunua. Mbezi Beach, KSP90, ile tunayoita new model ingawa hiyo niyu modo yenyewe ilianza kutoka 2005, yangu ya 2007. Nilimwambia mwenye gari nakuja saa 12 asubuhi na naomba usiiwashe kabla sijafika. Gari ikishapata moto inaficha mengi, nataka niisikie ikiwa ya baridi. Nimefika nimeweka kiganja juu ya boneti, baridi. Ikawaka mara moja, ikatetemeka kidogo kama mbuzi aliyelowa, ikatulia. Kutetemeka huko msikuogope, injini ya 1KR ina silinda 3 tu kwahiyo sailensi yake, ule mtulio wa injini gari ikiwa imesimama, haiwezi kuwa kama ya Mark II, ila ikizidi mpaka dashibodi inacheza ujue maunting, zile raba zinazoshika injini, zimekufa. Moshi hamna. Kadi original ina jina lake na kitambulisho kinafanana. Nikaangalia namba mtandaoni, ina madeni 4 ya trafiki, elfu 30 kila moja ukiacha penati, akalipa mbele yangu kwa simu. Nikampa milioni 7 na laki 1. Kubadilisha kadi juu yangu, bima ndogo 118,000, Mark II nayo bado ina bima yake na imekaa uani chini ya mwembe inasubiri mteja. Ilikaa miezi 4. Kuku walianza kutaga chini yake.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa na aibu, sitaki kudanganya. Naegesha mbali na duka. Afu nikajaza, nikatembea wiki nzima, nikajaza tena, nikagawa: 14.3. Nikaandika kwa peni nyekundu. Aibu ikaisha hapohapo.

Na kuna raha ndogondogo ambazo hakuna aliyeniambia. Kariakoo kupaki. Mark II nilikuwa nazunguka Msimbazi mpaka Sikukuu mpaka narudi, hiki nakichomeka kati ya guta na meza ya mwuza soksi. Tenki lake lita 42, ukijaza unajisikia tajiri kwa nusu ya hela. Na kile kiti cha nyuma kinalala chote. Siku moja mteja wa Tegeta anataka majora matatu ya pazia, yale marefu ya mita 2 na 80, mwenye kirikuu, kile kipikapu cha mizigo, ananiambia elfu 40. Nikamwambia kijana wa dukani hebu tujaribu. Tukalaza kiti cha nyuma, tukalaza na cha abiria, tukaingiza majora kuanzia kwenye dashibodi kurudi nyuma, yakatokeza nje kama mguu mmoja. Mlango wa nyuma ukagoma kufunga, tukaufunga kwa kamba ya manila tukaning'iniza kitambaa chekundu. Nimeendesha mpaka Tegeta nimepakana bega na vitambaa, saiti mira ya kushoto siioni hata kidogo. Mwenge trafiki akanisimamisha. Akachungulia, akazunguka nyuma, akarudi, akaniuliza, "Mama, gari liko wapi hapa?" Akaniachia. Sikushauri.

Toka hapo nikawa nabeba mizigo midogo mwenyewe. Kumbuka hilo, narudi nalo.

Mwezi wa tano balaa likaja, na balaa lenyewe nililitafuta kwa hela yangu. Gari ikaanza kuvuta kwa uzito asubuhi. Fundi wa jirani na nyumbani, ambaye alinihudumia Mark II miaka mitatu bila tatizo, akachomoa kijiti akanusa akasema haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, imechoka, tumwage tuweke mpya. Nikasema sawa. Akaweka ile nyekundu, ya galoni, ileile aliyokuwa ananiwekea kwenye Mark II. Tukashukuru, tukalipana.

Sasa sikilizeni wenye KSP90. Giaboksi ya hii gari sio ya gia nne kama za zamani. Ni CVT. Ndani hamna gia zile za kupanda moja, mbili, tatu, kuna kapi mbili na mkanda wa chuma katikati, kapi zinapanuka na kubana na mkanda unapanda na kushuka, ndo maana ukiendesha huisikii ikibadilisha. Huo mkanda unashika kapi kwa msaada wa mafuta yake maalumu, yanaitwa CVT Fluid, kwa hizi za Toyota za kipindi kile ni TC. Ukiweka haidroliki ya kawaida mkanda unateleza, ukiteleza unakwangua kapi, kapi ikikwanguka ndo basi tena. Haifi siku hiyohiyo, na hapo ndo inapodanganya. Ilienda vizuri wiki tatu nzima mi nikamsifia fundi kwa majirani.

Wiki ya nne, Ijumaa jioni, natoka mjini napandisha Kimara. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma kama trekta, gari inaenda kama mtu anasindikiza mgeni asiyetaka aondoke. Nyuma yangu honi. Nikazima AC, nikazima redio, nikafungua vioo, kama vile redio nayo inavuta gari, basi tu umechanganyikiwa. Nikasogea pembeni na hezadi zangu, bodaboda mmoja akasimama akaniambia sister hiyo giaboksi, wala hajafungua boneti.

Fundi wa pili, wa Ilala, akachomoa kijiti akaniuliza hii haidroliki nani kaweka. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa huruma hivi kama daktari. Giaboksi yusidi kutoka Japani laki 8 na nusu, mafuta yenyewe ya TC, usafiri wa kuivuta, ufundi, jumla milioni 1 na laki 1 na elfu 80. Pigeni hesabu na ile laki 2 na elfu 7 yangu ya usingizi mtamu. Miezi sita karibu, imeenda kwa galoni moja la mafuta ya makosa. Fundi wa kwanza simlaumu sana, alikuwa fundi mzuri wa gari nyingine. Ila sasa kwenye kioo cha mbele ndani nimebandika karatasi kwa maandishi makubwa: GIABOKSI NI CVT USIGUSE.

Kama unaogopa habari hizi, Passo ya kwanza ile ya 2004 mpaka 2010 ina injini hiihii ya 1KR lakini giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na Vitz old model ya SCP10 nayo giaboksi yake ni hivyohivyo. Zinakula kidogo zaidi labda, lakini fundi wa mtaani hawezi kuziua kwa galoni.

Tukaenda na Iringa Krismasi. Mi, watoto wawili na mama yangu mzazi mbele, buti ina zawadi na mchele na kuku mmoja ambaye alitakiwa kuwa kwenye boksi lakini hakukaa. Watu walinicheka, Vitz na mlima wa Kitonga wapi na wapi. Nilijaza Kibamba. Kibaha, Chalinze, Moro, pale Mikumi kilomita kama 50 unapita katikati ya hifadhi na ukizidisha 70 mchana trafiki wanakungoja, tukaona twiga, mama akasali. Kitonga nilizima AC, nikakaa nyuma ya lori la mbao, na unajua nini, wote tulipanda kwa mwendo mmoja. Mwenye V8 yuko nyuma yangu, mwenye Vitz niko mbele yake, lori ndo linaamua. Pale juu kwenye tambarare ya Ilula nikawasha AC tena. Iringa mjini nikajaza: lita 29 kwa kilomita kama 500, yaani 17 na kitu kwa lita, elfu 84 hivi. Nauli ya basi ya watu wanne inapita hapo, na kuku angelipiwa mzigo. Mark II safari hiyohiyo ilikuwa inaninywea lita 46.

Ila mvua hapana. Ikinyesha usiku kucha mi sigusi Jangwani. Kigari kiko chini, na maji ya Jangwani hayana kipimo, mtu anapita na Prado unasema kumbe mafupi unaingia, na mawimbi ya Prado ndo yanakuja kukuzimisha. Siku hizo narudi kwenye mwendokasi yangu, na siku hizo na yenyewe haipiti.

Haya, daftari. Nilipofika mwaka mmoja nikakaa nalo mezani. Nikategemea kuona laki 2 yangu kila mwezi. Nikajumlisha, nikagawa, nikaona nimebakiza elfu 52 kwa mwezi. Elfu hamsini na mbili! Nikadhani nimekosea, nikampa mtoto wa form two ajumlishe, akaleta jibu lilelile na kanisahihisha sehemu moja.

Gari haikudanganya, 14 yake ipo. Mi ndo nilibadilika. Na Mark II nilikuwa natembea kilomita 1,000 kwa mwezi kwa sababu kila nikishika funguo naona shilingi zinamwagika. Na Vitz nilikuwa natembea 1,750. Mwendokasi nimeacha kabisa, kila siku naenda mjini na gari. Mtoto akisema mama twende Mlimani City Jumamosi, twende, si inanusa tu wese. Mkate umeisha, washa gari. Na hili ndo limenichekesha zaidi, Mark II hakuna aliyewahi kuniazima, miaka yote mitatu, maana kila mtu alijua ukiichukua lazima uweke wese la maana. Vitz watu wanaomba kama chumvi. Shemeji yangu ana mgonjwa Mloganzila, anachukua. Jirani ana mgeni wa stendi ya Magufuli, dada niazime kigari chako dakika ishirini. Wanarudisha saa tatu usiku na taa ya mafuta inawaka, "nilitaka kuweka ila sheli kulikuwa na foleni". Kwa sababu inanusa, kila mtu anaona mafuta yake ni kama bure, na mi mwenyewe namba moja.

Na serikali nayo ipo humo ndani, maana ile rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 ikaongezwa kwenye kila lita. Kwahiyo hata shemeji akizunguka Mloganzila, rodi laisensi nalipa mimi.

Lakini nisiwe muongo upande wa pili. Katika zile kilomita za kuzidi, nikapekua nikaona kama 400 kwa mwezi ni za kupeleka pazia kwa wateja, Tegeta, Goba, Kigamboni mara moja moja. Kirikuu kwa safari hizo ilikuwa inanitoa elfu 30, elfu 40 kila mara, na nilikuwa naikwepa kwa kumwambia mteja afuate mwenyewe, wengine hawakuja. Hiyo hela haipo kwenye daftari la mafuta, ipo kwenye daftari la duka, na kule imepanda. Kwahiyo ukiniuliza Vitz imenibakizia mafuta nitasema kidogo. Ukiniuliza kama imenilipa nitasema ndio, ila sio kwa mlango nilioutegemea. Na giaboksi inabidi niitoe kote.

Nimebana kidogo. Funguo haikai tena kwenye msumari sebuleni, inakaa kwenye mkoba wangu. Mkate mtoto anaenda kwa miguu. Jumatatu na Ijumaa, siku za foleni mbaya, naacha gari Kimara. Miezi ya karibuni nimeshuka mpaka 1,300 hivi, hapo nabakiza kama laki 1 na 45. Shemeji kanuna.

Mark II niliuza mwishowe, milioni 5 na laki 2, kwa kijana mmoja wa Mbagala ambaye alitaka gari yenye sauti. Wiki iliyopita nimemkuta sheli pale Kimara. Niliitambua gari kabla sijamtambua yeye, ameweka rimu kubwa, mziki umejaa buti nzima, ameichonga silensa. Amemwambia dada wa pampu weka ya elfu 10. Mi nipo nyuma yake nikasema jaza. Akageuka, tukacheka, tukasalimiana, akaniuliza dada hivi wewe hii gari ulikuwa unaimudu vipi. Nikamwambia nilikuwa naiacha nyumbani. Akazunguka kigari changu mara mbili, akapiga teke tairi, akaniuliza kama nauza. Nikamwambia milioni 8. Akasema dada we si ulinunua 7, nikamwambia mwanangu, Jumatano EWURA wanatoa bei.